Shingo Mbili, Katuba

Mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga mabati,
shingo ya mninga inaanza ukaidi:
inapinda kidogo, unene wa kadi ya simu,
na ile sol ya uzi mzito inakoroma.
Natafuta ufunguo wa fundi Kasweka,
nakaza robo mzunguko,
nasubiri kama anayesubiri bukari uive,
maana mti huu, hata baada ya randa na vanishi,
haujasadiki kwamba ulikatwa.

Ile nyeusi aliileta Mwilambwe kutoka Johanesibagi.
Grafiti.
Baridi mkononi kama kijiko asubuhi ya Juni.
Jua, mvua, vumbi la shaba: haina habari.
Naitundika Jumapili, Jumapili nyingine naikuta vile vile.
Sauti yake imenyooka kama reli ya kwenda Sakania,
mpaka mpiga ngoma akaniambia, "Siku hizi hukosei,"
nami sikujua kama ni sifa.

Shemeji anasema kaboni si mgeni hapa,
ni ndugu wa makala ya mbabula;
zote mbili zilikuwa mti, moja tu imesahau.
Nilicheka. Ila alipotoka
niliinusa.

Harusi ya Chola nilibeba isiyokosea.
Nyumbani, peke yangu, umeme umekatika,
nachukua ya Kasweka bila waya,
naibana kifuani niisikie kwa mfupa,
na dole gumba linapata, nyuma ya shingo,
kale kabonde kalikolika miaka kumi na miwili,
wala si Kasweka aliyekachonga.