Nguzo ya Kushoto

Basi liliondoka Mpwapwa saa tisa usiku,
kama mpangaji anayedaiwa kodi.
Asubuhi nikaja uwanjani na chokaa yangu,
nusu mfuko, na kopo la maziwa nililolitoboa matundu,
nikachora mstari wa pembeni hadi katikati
ndipo Chibago wa baiskeli akanipigia kelele:
“Unamchorea nani?”

Timu imeuzwa.
Nilijua huuzwa ng’ombe, huuzwa karanga,
hata mchezaji huuzwa akiwa na magoti mazima.
Kumbe daraja nalo huuzwa,
daraja lisilo na mto chini yake,
lile tulilolipanda misimu minne
kwa debe la mtama na shilingi mia mia,
Mama Semwali akiwapikia kwa daftari.
Daftari bado analo. Kurasa kumi na moja.
Jezi namba nane anadaiwa chai na chapati arobaini.

Walisema uwanja wetu hauna taa.
Kweli.
Walisema hauna majukwaa.
Tulikalia mawe, na mawe hayakuwahi kujaa.
Wakasema upo mji wenye ziwa na hoteli,
wakalichukua jina letu, wakalikata mkia,
wakaliungia jina la kiwanda cha saruji.

Jumamosi, redio ya Chibago iko juu ya kreti la soda.
Vumbi la Agosti linapita, tunafumba macho, tunasikiliza.
Mtangazaji anasema “wenyeji.”
Tunatazamana.
Wenyeji wa wapi?

Kona.
Mtangazaji anacheka: huyu kipa Ndahani bwana,
kila kona lazima aipige kisigino nguzo ya kushoto,
mara tatu, ndiyo ageuke.
“Ushirikina huo,” anasema, “au maringo ya ujana.”

Hapa hakuna aliyecheka.
Nguzo yetu ya kushoto ililiwa na mchwa chini,
usipoishindilia, inainama mpira ukiwa njiani.
Nilimfundisha mimi, akiwa na miaka kumi na minne,
kaptula ya shule, miguu mitupu:
piga tatu, halafu geuka.

Kule nguzo ni za chuma, zimemwagiwa zege.
Hazimhitaji.

Kona imepigwa. Amedaka.
Chibago anaongeza sauti mpaka redio inakwaruza,
Mama Semwali anafunua daftari, analifunga tena.
Mimi nimeokota jiwe la kadiri ya mkono,
nakwenda kuishindilia ile yetu.