Nambari Arubaini na Saba

Ratiba ilibandikwa ukutani mwa ofisi ya chuo, Wete,
karatasi moja, mihuri miwili.
Misingi ya Elimu, Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi.
Saikolojia, Jumatano, saa ile ile.
Chini yake mkono wa mtu, kwa kalamu nyekundu:
Mwezi ukiandama, Jumatano itasogea Jumatatu.
Nilicheka peke yangu, na kinywa changu kikavu cha saumu.
Kumbe hata Baraza la Mitihani, pamoja na mihuri yake,
hutoka nje magharibi likainua shingo kama sisi.

Miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya ubao, skuli ya Limbani,
bila ya cheti.
Mkaguzi akija, jina langu huliandika kwa penseli,
Mize Ngwali, wa kujitolea,
ili siku ya kunifuta isimpe tabu.

Mlangoni alisimama msimamizi, shati limenyooka, orodha mkononi.
Nikamjua kabla hajainua uso. Shaame wa Bikombo.
Huyu herufi ya S akiiandika kinyume, imewapa mgongo wenzake,
mpaka nikaushika mkono wake mdogo tukaigeuza pamoja,
wiki nzima, mimi na yeye na kichembe cha chaki.
"Nambari arubaini na saba," akasema. "Fungua mkoba."

Kalamu mbili, rula, kitambulisho.
Tende tatu ndani ya kipande cha gazeti,
maana mtu hajui adhana itamkuta wapi.
Akalikunjua gazeti, akalisoma pande zote mbili,
akitafuta jibu langu ndani ya habari za mwaka juzi,
kisha akalikunja tena kona kwa kona,
vile vile nilivyomfundisha kukunja karatasi ya hesabu.

Kanuni alizisoma
kama mtu asomaye mbele ya maalimu wake, akichelea kukosa irabu.
Mtahiniwa atajulikana kwa nambari, si kwa jina.
Asigeuke. Asiazime. Asiseme.
Atakayechelewa zaidi ya nusu saa hataingia.

Saa tatu na dakika mbili msichana akatokea mlangoni,
buibui limeshika vumbi mpaka magotini.
"Kaka, gari imepata pancha, nimetembea kutoka Kinyasini."
Shaame akatazama saa ya ukutani, hakumtazama yeye.
"Kengele ni kengele, dada."
Akaurudisha mlango taratibu, usipige kelele.

Kalamu yangu ikasimama.
Maneno yale ni yangu.
Nilimwambia yeye, ana miaka saba, mvua ya masika inamchuruzika,
daftari amelificha ndani ya shati lisirowe.
Kengele ni kengele, Shaame.
Nikamwacha kizingitini hadi mapumziko,
nikaendelea kufundisha vokali.

Swali la tatu: Eleza, kwa mifano, tofauti baina ya nidhamu na adhabu.
Jibu nilikuwa nalo, nimelihifadhi tangu Rajabu,
hoja sita, na utangulizi wake.
Sikuliandika.
Niliandika daftari lile lilivyokuwa kavu na mtoto alivyokuwa maji,
na mwalimu ambaye hakuona lipi amelipata na lipi limempotea.
Sijui watanipa alama ngapi. Pengine hakuna.

Mwisho akapita akikusanya, akihesabu kwa midomo.
Arubaini na tano. Arubaini na sita.
Kwangu akasita,
jicho lake likashuka kwenye ukurasa, likakaa,
kisha akakumbuka kanuni, akaupindua.
"Arubaini na saba," akasema, na sauti ilikuwa imekauka
kuliko saumu inavyoweza kuikausha.

Nje, msichana alikuwa bado ameketi kibarazani.
Nikamuuliza jina, maana nje ya mlango ule majina yanaruhusiwa.
Riziki, wa Kojani.
"Cha leo kimekupita," nikamwambia, "lakini kesho hakijapita.
Twende kwangu ufuturu, ulale.
Mwezi ukiandama tutakula sikukuu.
Usipoandama, saa moja na nusu nitakuwa nimekwisha kukuamsha,
na tutakwenda kwa miguu."