Kopo la Mamba

Mchikichini, saa nne, marobota yameshafunguliwa.
Nimekaa na cherehani yangu kati ya muuza mikanda
na Bi Tausi wa soksi, na kazi ya kwanza leo
ni mamba.

Mamba mdogo wa kijani, wa kifuani, upande wa moyo.
Shomari kamng'oa kwenye fulana iliyotoboka kwapa,
anamtaka kwenye shati lake jipya.
"Fundi, mnyooshe. Mara ya mwisho ulimweka
kama anapanda ngazi."
Namnyoosha. Elfu mbili.
Anasimama mbele ya kioo, anatanguliza kifua,
na mamba anakitangulia kifua.

Simcheki. Mimi shuleni sikuwahi kuwekewa vyema
kwenye hesabu, na siku niliyovaa raba
zenye alama ya vyema ubavuni, kila mguu na yake,
niliizunguka Ilala nzima kama niliyefaulu.

Kisha akaja Mwanamvua, mstaafu wa bandari,
na shati lake la bluu.
"Nitolee huyu farasi.
Wakitaka niwatangaze, wanilipe."

Kutoa ni kazi kuliko kutia.
Wembe uingie chini ya uzi, usiguse kitambaa,
ufumue kwato, mkia, fimbo ya mpandaji,
halafu upulize.
Nikapuliza.
Na pale alipokuwa farasi pamebaki farasi:
kivuli cha bluu iliyokolea, ambacho jua la kwingine
na sabuni ya watu nisiowajua havikukifikia.
"Huyu naye mkaidi," akasema,
akalivaa hivyo hivyo.

Jumamosi akarudi. Tangu farasi atoke
watu wanamuulizia kuliko alipokuwepo.
Alicheka mpaka Bi Tausi akaangusha soksi.

Bibi yangu naye alivaa maandishi,
ila yeye alijua yanamsema nani.
Kanga moja aliitoa sandukuni
siku jirani fulani akipita tu.

Niliowafumua nawaweka kwenye kopo la blubendi
(kopo lenyewe limeandikwa jina lake, kubwa, ubavuni):
mamba saba, farasi,
alama za vyema zisizo na mwalimu,
herufi mbili zilizokumbatiana kama wanaoagana stendi.
Usiku mwanangu huwamwaga mkekani,
huwahesabu, huwaozesha.

Mimi sina nembo. Nina pindo.
Nikimaliza suruali, ndani ya mguu wa kushoto,
pale kisigino kinapojikwaruza,
naacha mishono mitatu ya uzi wa njano.
Mwenye suruali haambiwi.

Wiki iliyopita, foleni ya benki, Msimbazi,
mwanamume mbele yangu kainama kufunga kamba,
pindo likapinduka:
njano, njano, njano.

Kiatu chake kilikuwa na jina.
Mkanda wake ulikuwa na jina.
Mimi nikaibana namba yangu ya foleni kiganjani
nikatazama dari
kama mtu asiyejua lolote.