Mtande Uende na Mgongo

Nabintu, usifungue hapo. Shika kwa viganja viwili.
Mgongo umekufa, kurasa zinaning'inia kwa uzi mmoja.
Nani alikuuzia hii kole ya viatu?
Niliinusa kabla sijaiona.
Imekuwa rangi ya chai, ngumu kama ukucha,
na kila karatasi iliyoigusa imevunjika nayo.

Mimi napika yangu asubuhi, kabla mvua haijashuka Kadutu:
unga wa ngano vijiko vinne, maji, makala machache,
mwiko usipumzike.
Shabu kidogo, mende wasijione wamealikwa.
Naichuja kwa kipande cha chandarua, naiacha ipoe
mpaka itetemeke kama shavu la mtoto.
Haina nguvu za kujivunia. Ndiyo sababu naipenda.
Siku nikiwa sipo, na fundi mwingine ameona kosa langu,
ataiwekea kitambaa chenye maji, nayo itaachia
bila kuondoka na jina la mtu.

Maana haya ni majina.
Mama yako aliyaandika kwa wino wa buluu, usiku, kwa taa:
*wa kike, kilo mbili na nusu, amelia.*
*Wa kiume, kilo tatu, amelia baadaye.*
Ukurasa wa arobaini na moja
kuna mstari usio na neno la kulia.
Niliupita polepole.

Sasa kitambaa.
Umeleta kitenge chake, kile cha ndege wa kijani.
Nakijua. Mtaa mzima unakijua.
Lakini tazama: nalowesha kidole, nasugua,
ndege amehamia kwangu.
Tena kimefuliwa, kimebeba watoto,
kimelegea kama mtu aliyekwisha kusamehe.
Jalada linataka kitambaa kikaidi:
marekani hii, ivute, unaona? Haikupi kitu.
Mtande uende na mgongo, mshindio upite kiunoni;
ukikosea hapo, kitabu kitajipinda
kama mlango wa nyumba ya bondeni.

Usikunje uso.
Nitachana ukanda wa kitenge, upana wa vidole viwili,
niusuuze hadi maji yakose habari,
niulaze ndani, kati ya uzi na marekani,
pale hasa mgongo unapobeba.
Hutauona. Hata mimi, nikishafunga, sitauona.

Uje Jumatano. Ulete na mfuko usiovuja:
mvua ya Bukavu haijui kusoma.