Mzinga wa Supu

Kamati tulikutana Jumanne ya tatu ya Machi,
watu saba, birika moja, na daftari la bluu
lililorithiwa pamoja na kabati lake.
Ziwa la Kivisalmi lilikuwa bado limefunga,
barafu ngumu kama neno la mkwe.

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni kuhesabu viti.
Mwaka wa themanini na saba: mia moja arobaini na vitatu.
Pembeni, mwandiko wa Pirkko: "Havikutosha."
Mwaka wa elfu mbili na tatu: sitini na kimoja.
Kisha kurasa zinakuwa nyepesi,
jina mojamoja limekatwa kwa rula,
kwa adabu, wino haujapaka.
Mwaka huu viti viwili:
Taimi, aliyekesha akilinda anga juu ya mnara wa kanisa
akiwa na miaka kumi na saba na darubini ya kuazima,
na Oiva Kettunen, mpishi.

Mengine yalikwenda kama yaendavyo.
Bendera atapandisha nani (tuligombana).
Eemeli na tarumbeta yake: meno yamefungwa nyaya,
je, pumzi itapita?
Mchungaji Hilkka aombwe hotuba fupi;
mwaka jana miguu ya wazee ilikufa ganzi kabla ya amina.
Na lile jiko la magurudumu, la chuma cheusi,
ambalo askari waliliita mzinga wa supu,
trakta ya Seppo italivuta kutoka ghalani.

Ndipo Seppo akasema, akitazama kikombe chake:
"Wazee wawili. Mzinga wa nini?
Keki moja ya dukani yatosha, na tutabakiza."

Hakusema kwa ubaya. Hesabu ni hesabu.
Nikampigia Oiva, simu mezani, sote tukisikia.
"Supu ya watu wangapi mwaka huu?"
"Mia na ishirini," alisema, kama kila mwaka.
"Oiva, mko wawili."
Kimya. Tukasikia saa ya ukutani kwake.

"Juni ya arobaini na nne," alisema,
"niliamriwa chakula cha mia na ishirini.
Nikaloweka njegere usiku, nikakata nyama,
nikakoroga kwa kasia kwa sababu mwiko ulivunjika.
Jioni walirudi thelathini na wanane.
Nikangoja. Nikachochea moto, nikangoja.
Mwishowe sajini akaniambia: mwaga.
Nilichimba shimo, mimi,
nikaizika supu ingali ya moto.
Sitaki tena kuiona ikibaki.
Lakini msipike pungufu mkadhani mnanihurumia.
Pikeni ya wote. Kisha tafuteni wa kuila."

Pirkko alifunga daftari.
Seppo akatoka kwenda kutazama trakta.

Basi tarehe ishirini na saba Aprili
zilikuwa zimelowekwa kilo kumi na mbili.
Tulikuwa tumebisha hata milango ya wasiopenda gwaride,
ya wauguzi waliotoka zamu ya usiku,
ya familia iliyohamia juzi pale palipokuwa na duka la mikate.
Tukachukua darasa la nne lote,
na dereva wa lori aliyesimama tu kuuliza njia.
Tarumbeta ilikosea noti mbili; hakuna aliyegeuka.
Taimi alikataa waridi, akaomba haradali.
Theluji nyembamba ilidondoka ndani ya mabakuli,
tukala nayo.

Saa tisa watoto walikuwa wanakwangua ukoko.
Oiva akaja na mkongojo wake, polepole,
akainama juu ya mdomo wa mzinga
kama mtu atazamaye kisima,
akagonga chini mara moja.
Chuma kikaitika, kitupu.

"Chumvi ilipungua," alisema,
akaomba apelekwe nyumbani.