Nyuzi Thelathini

Nesi Olwen alinigeuzia kioo cha kompyuta:
sitini na nane.
Nikadhani ni umri wangu, nikamwambia bado,
mimi hamsini na tisa.
Akacheka. Mimi sikuwahi,
maana alishaanza kutaja: mkate, wali, viazi, chapati,
kama mtu anayesoma orodha ya wanaohamishwa
na wote ni wa nyumbani kwangu.
Alipofika kwenye tambi nilishika ukingo wa kiti.

Nje, manyunyu ya Bedford,
yale yasiyolowesha wala kukatika.
Nikavuka daraja la mto Ouse nikitunga ubeti,
wenye vina na mizani, ili kiapo kisinitoroke:

Tambi leo nakuacha, tusijuane njiani,
Sikugusi hata kucha, si mezani si ndotoni,
Usiku hadi kukicha, sikutaki asilani,
Shahidi wangu mchicha, na kabichi kikapuni.

Ubeti ulidumu siku tisa.

Siku ya kumi Shufaa alileta kijimashine
kinachochonga mumunye likawa nyuzi ndefu, kijani.
"Tambi hizo," akasema, akavaa koti, akaenda zamu ya usiku.
Nikachemsha, nikatia mdomoni.
Yalikuwa maji
yaliyoazima nguo za tambi.

Nilipokwenda kumwaga, jirani alikuwa penye mapipa:
Bi Filomena, miaka themanini na mitatu,
aliyeletwa hapa na mume mfyatua matofali,
na mpaka leo hupika kana kwamba tanuri linaajiri.
Akachungulia sufuria yangu.
"Nani kafa?" akauliza.

Hakunihurumia. Aliniletea mizani.
Gramu thelathini, akasema, na tambi kavu zikalala pale,
nyembamba, zimenyooka kama wanafunzi siku ya mkaguzi.
Nikazihesabu: nyuzi thelathini kasoro hakuna.
Mumunye usilichemshe, unaliua mara mbili.
Litie chumvi, likamue kwa kitambaa,
likaange moto mkali, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni,
dagaa wa kopo wayeyuke humo.
Na hizi thelathini zitoe mapema, zibishane na jino;
tambi iliyolegea, akasema, hukimbilia damuni,
akionyesha mkononi mwake inapopita,
kama vile aliwahi kuiona.

Nilimfikiria mama, Tanga, asubuhi ya Idi,
akizikaanga tambi mpaka zipate rangi ya hina,
kisha tui, iliki, zabibu, na sukari
inayomwagwa bila kijiko, moja kwa moja toka mfukoni.
Tulihesabiwa sisi watoto, sinia lisipungue mtu.
Tambi hazikuhesabiwa na yeyote.

Sasa nimekaa, uma mkononi, redio nimeizima.
Nazungusha polepole. Kijani, kijani, kijani,
halafu mmoja wa kweli,
kama kumwona binamu katikati ya umati wa stesheni.
Wa kwanza nilimtafuna mpaka akaisha jina.
Kumi na nne. Kumi na tano yuko wapi?
Kajificha chini ya dagaa, mjanja.
Sijawahi kula kitu nikakijua hivi.
Ilinichukua dakika arobaini
na nililamba sahani, sitaficha,
pazia likiwa wazi.

Baada ya saa mbili nilijichoma kidole.
Saba nukta tisa.
Nikaipima tena, kidole kingine, nisije nikasingiziwa wema.
Saba nukta tisa.

Shufaa alirudi alfajiri, viatu mkononi.
"Ulikula nini?"
"Mumunye," nikasema, na si uongo wote.
Hakujibu. Alikuwa anatazama ukuta juu ya jiko,
pale uliponasa uzi wa thelathini na moja,
niliourusha kujaribu kama zimeiva,
umekauka, umejipinda kama mkia wa herufi.

Akaubandua kwa ukucha,
akautia kinywani mwake,
akaenda kulala.