Likwata Sitini

Pikapu iliingia uani kwangu, Rahaleo, Jumatatu,
nyeupe iliyosahau weupe wake.
Aliyeshuka ni kijana wao, Athumani Mchopa,
akapiga boneti kofi kama mtu apigavyo ng'ombe mnadani:
"Mama katoka eda. Tunauza.
Ipake dawa, fundi, rangi na vioo.
Ing'ae, imlevye mnunuzi."

Sikujibu.
Watu wa Lindi hudhani napaka urembo.
Mimi nafunga mlango.
Uchafu ukiufungia ndani, umeufuga.

Basi kwanza maji.
Chumvi ya Mingoyo imejilaza chini ya milango,
mabibo yamechuruzika ubavuni na kukaukia hapo,
ya msimu gani, Mungu ajua;
marehemu alibeba korosho za watu miaka kumi na saba,
Mtama, Nyangao, hadi maghalani.
Nikapitisha udongo laini, kiganja baada ya kiganja,
nikavika vidole mfuko wa nailoni, nikapapasa tena,
mpaka bodi ikanyamaza.

Rangi ilikula siku nzima.
Matone matatu kwenye sponji, mraba mdogo,
kushuka, kukata, halafu unangoja. Usishike simu.
Dawa ina dakika yake: itatoa rangi rangi
kama mafuta ya taa juu ya dimbwi,
hapo ndipo ufute.
Ukiwahi, hujapaka kitu.
Ukichelewa, umeandika ujinga wako juu ya gari la watu
nawe utausoma kila likipita sokoni.

Jumanne, vioo.
Kioo mimi nakikagua kwa pumzi.
Haah, nje: safi.
Haah, ndani,
na kwenye ukungu, upande wa abiria, pakatokea kidole cha mtu,
herufi zimeinama kama zilizoandikwa gari likitembea:

LIKWATA 60

Ukungu ukatoka, nayo yakatoka.
Haah. Yakarudi.

Spiriti ninayo mkono huu, kitambaa mkono huu.
Mpaso mmoja tu, kioo kingekuwa kioo.

Nikampigia mama mtu, si kijana.

Bi Somoe alikuja na bodaboda, hakuuliza kitu.
Akapanda kiti cha abiria, kiti chake,
akafunga mlango, akapulizia kioo
polepole, kama apozaye uji wa mtoto.
Akasoma. Akapuliza tena, akasoma.
"Sitini elfu," akasema. "Likwata wa Mtama.
Lile gunia lililolowa turubai lilipochanika.
Na siku ya mazishi tulitangaza, anayemdai ajitokeze,
yeye yupo, kasimama pale pale,
kanyamaza.
Alituletea kuni."

Nikamwambia gari lisiguse maji mpaka keshokutwa.
"Mtama hakuna mvua," akanijibu,
"na hili deni lina siku nyingi kuliko dawa yako."

Wakaenda, kijana akiendesha,
kimya chake nilikisikia kwenye gia.
Walirudi jioni na vumbi jekundu,
limekaa juu ya rangi kama mgeni asiyeambiwa karibu;
nilipopitisha kitambaa kikavu likaondoka lote,
nikajisifu kidogo, moyoni.

Bi Somoe akaomba spiriti.
Kioo kile alikifuta mwenyewe, kwa kitambaa changu,
pembe kwa pembe, hata mahali pasipoandikwa.
Akapuliza. Akaangalia.
Akapuliza mara ya pili, nadhani hiyo haikuwa ya deni.
Kisha akashuka, akaniambia, "Sasa paka."

Nilipaka.
Ijumaa mnunuzi kutoka Nachingwea akamwagia boneti chupa nzima ya maji
kuona matone yakikimbizana, akacheka, akalipa,
hata vioo hakuvitazama.

Athumani alinipa nusu ya ujira.
Nusu nyingine, alisema, mwisho wa mwezi, fundi, usijali.
Sijali.
Nimeiandika daftarini, kwa kalamu ya wino.